Vazi la Shujaa Lishonwe Nyumbani



Juma hili tumepokea swali ambalo vitabu vyetu vya seminari havikuligusa. Mama mmoja wa jumuiya ndogondogo iliyo jirani na soko la Tengeru alimshonea mwanawe wa miaka minane vazi la yule shujaa wa filamu ya Black Panther, ili alivae katika sherehe ya kufunga shule. Baadhi ya wanajumuiya wakamwambia kwamba kinyago cha chui juu ya kichwa cha mtoto aliyebatizwa ni ishara mbaya, na kwamba ingefaa vazi lile lichomwe moto. Wengine hawakuona dhambi ila waliona aibu: mbona asimnunulie la dukani kama wazazi wenzake? Mama huyo akatuuliza afanye nini. Yeye tumekwisha kumjibu ana kwa ana. Lakini kwa kuwa wazazi wengi wanalo swali hilo mioyoni, tunaona ni vema kulijibu hadharani pia.

Msimamo wetu ni huu: vazi lisichomwe, wala lisibadilishwe kwa la dukani. Tena tunathubutu kusema kwamba mzazi anayeketi na mwanawe na kumshonea vazi la shujaa anamfundisha jambo ambalo filamu yenyewe haiwezi kumfundisha. Tupeni nafasi tueleze sababu zetu.

Kwanza, tuifahamu habari yenyewe kabla ya kuihukumu. Black Panther, yaani Chui Mweusi, ni mhusika aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby katika vitabu vya hadithi za picha huko Marekani mwaka 1966. Filamu yake, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilitoka mwezi Februari mwaka 2018. Inasimulia habari za mfalme kijana, T'Challa, wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, iliyowekwa katika upande huu wetu wa Afrika. Aliyebuni mavazi ya filamu hiyo ni mama Ruth E. Carter, na kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata katika fani ya mavazi. Mwaka 2023 aliipata tena kwa filamu iliyofuata.

Sasa, mama huyo alitoa wapi mawazo yake? Aliyatoa kwetu. Wale wanawake walinzi wa mfalme, wanaoitwa Dora Milaje, wamevaa nyekundu na shanga ambazo alizichukua kwa Wamasai. Wapiganaji wa mpakani wamejifunika mablanketi ya Wabasotho wa Lesotho. Taji la malkia mama limefuata kofia pana ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Hata vazi la chui lenyewe limejaa pembetatu ndogondogo, umbo ambalo mbunifu huyo aliliona katika sanaa za sehemu nyingi za Afrika. Basi mtoto wa Tengeru anayeitazama filamu ile anatazama rangi anazokutana nazo kila Jumatano na Jumamosi, siku za soko, mabegani mwa wafugaji wanaoshuka kuuza na kununua. Je, tutaziita za kipagani kwa sababu tu zimerudi kwetu kwa njia ya sinema? Mzazi anayeshona anayo nafasi ya kumwambia mwanawe: "Rangi hii, mwanangu, usidhani imetoka Marekani. Ni ya jirani zetu, nao walikuwa nayo kabla ya sinema kuwapo."

Pili, tujiulize: katika hadithi hizi za mashujaa, ni nani anayeshona vazi? Hapa kuna jambo ambalo huenda wengi hawajaliangalia. T'Challa hakujishonea wala hakununua. Vazi lake lilitengenezwa na Shuri, mdogo wake wa kike. Yule Superman, katika masimulizi yake mengi, alishonewa na mama yake mlezi, Martha Kent, mke wa mkulima wa kijijini. Naye Spider-Man, kijana yatima anayelelewa na shangazi yake, alianza kwa kujitengenezea mwenyewe kwa nguo za kawaida. Watunzi wa hadithi hizi si walimu wa dini, lakini wamegusa ukweli fulani: hata mwenye nguvu kuliko wote anavikwa na watu wa nyumbani kwake. Hakuna shujaa ambaye nyuma yake hapakuwa na mtu aliyemchukua vipimo.

Maandiko Matakatifu yalikwisha kutuambia hayo zamani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya pili, tunasoma kwamba Hana, baada ya kumtoa mwanawe amtumikie Bwana huko Shilo, alimtengenezea kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka alipopanda kwenda kutoa sadaka pamoja na mumewe. Tuutafakari mstari huo kwa macho ya fundi. Mtoto yuko mbali. Mama anamwona mara moja kwa mwaka. Na watoto hukua. Hana alilazimika kukisia: mabega yamepanuka kiasi gani, mkono umerefuka kiasi gani? Kila mshono wa kanzu ile ulikuwa ni kumfikiria Samweli. Wangapi kati yetu tuna watoto katika shule za bweni, au kwa bibi yao kijijini, na hatuwezi kukisia hata namba ya kiatu chao?

Tatu, tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa maana utakatifu wa familia hupita katika mambo madogo. Tulimwomba mama yule atueleze alivyofanya, na tulijifunza mengi. Alikwenda kwenye mitumba ya Tengeru akachagua taiti mbili nyeusi za watu wazima na fulana moja ya kuvutika. Fedha aliyotumia haikuzidi bei ya sado mbili za nyanya, na nyanya ndiyo biashara yake. Alizifumua, akazipiga pasi, akamlaza mtoto juu ya karatasi za magazeti na kumchora kwa kalamu, huku mtoto akicheka kwa kutekenywa. Alipoanza kushona kwa cherehani ya miguu, mshono ulikatika mara ya kwanza tu mtoto alipochuchumaa. Fundi mmoja wa barazani sokoni akamwelekeza: kitambaa cha kuvutika kikatwe ili mvutiko uzunguke mwili, kivutwe kidogo kinapopita chini ya sindano, ili uzi uwe na nafasi, na sehemu za kwapa na mapaja zirudiwe kwa mkono. Zipu ikawekwa mgongoni. Zile pembetatu mtoto alizichora mwenyewe kwa rula na chaki, kisha wakazipaka rangi ya fedha, jioni tatu mfululizo, meza ya chakula ikiwa ndiyo karakana. Kinyago kilitokana na kofia ya sufi, nayo matundu ya macho yalikatwa makubwa kuliko ya sinema, ili mtoto aione barabara.

Tunasisitiza neno hilo la mwisho. Barabara ya Arusha kwenda Moshi inapita hapa hapa, na pikipiki hazimsubiri shujaa. Mtoto asivuke akiwa amefunika uso. Mwenye kutaka vazi lenye joho begani asilifunge kwa fundo shingoni. Liwekwe vifungo vya kubana vinavyoachia mara likinaswa. Na kila mzazi amwambie mwanawe kwa maneno yaliyo wazi kwamba vazi halimfanyi mtu aruke kutoka darini wala juu ya mwembe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hoja ya wale ndugu waliotaka vazi lichomwe. Hatuwadharau. Wana hofu ya kweli, kwamba mtoto ataweka tumaini lake katika nguvu za kubuni na kumsahau Mungu wake. Tena filamu hizi zina mapigano mengi, na si kila mtoto wa miaka minane afaa kuzitazama peke yake. Mzazi akae naye, amweleze. Lakini sanamu ni kile tunachokiabudu, na mtoto anayecheza haabudu. Ukitaka kumlinda dhidi ya kudhani kwamba nguvu iko katika nguo, hakuna dawa kama kumwonyesha nguo ikizaliwa mbele ya macho yake kutoka katika taiti kuukuu. Aliyeshika chaki mwenyewe anajua kwamba hakuna uchawi ndani ya pembetatu zile. Anayeletewa vazi likiwa limekamilika ndani ya mfuko wa plastiki ndiye aliye rahisi zaidi kudanganyika.

Kuna jambo jingine ambalo tungependa watoto wetu walijue. Chadwick Boseman, mwigizaji aliyelivaa vazi la chui katika filamu ile, alifariki dunia tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana. Familia yake ilieleza kwamba aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo mwaka 2016. Maana yake ni kwamba wakati watoto wa dunia nzima walipokuwa wakimtazama kama mtu asiyeshindwa, ndani ya vazi lile alikuwamo mgonjwa, anayefanya kazi yake kwa uvumilivu na bila kulalamika hadharani. Vazi halikumpa nguvu. Nguvu ilikuwa mahali pengine, pale ambapo kamera haikufika. Mweleze mwanao habari hiyo mnapotunga uzi, nawe utakuwa umemfundisha katekisimu nzuri juu ya mwili, mateso na ujasiri.

Nne, na hapa tunawageukia wale walioona aibu. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Daudi alipotaka kumkabili Goliathi, mfalme Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe, kofia ya shaba na deraya. Daudi akajaribu kwenda, akashindwa, akayavua yote. Alishuka bondeni na fimbo yake, kombeo lake na mawe matano laini ya kijito, vitu vya mchungaji, vitu vya nyumbani. Hata katika filamu ya Spider-Man ya mwaka 2017 kijana yule ananyang'anywa vazi la thamani alilopewa na tajiri, na ni katika lile alilojitengenezea mwenyewe ndipo anapoonyesha ushujaa wake. Basi mtoto wako akichekwa kwa sababu mshono wake umepinda, usikimbilie dukani. Mkalishe, umwambie ni nani aliyeupiga mshono ule, saa ngapi za usiku, baada ya kazi gani.

Tunaziomba pia shule zetu, zikiwamo zile zilizo chini ya Kanisa. Mnapowataka wazazi walete mavazi ya sherehe, kumbukeni mkulima wa migomba anayehesabu ada kwa shilingi mia mia. Semeni wazi kwamba vazi la kushonwa nyumbani linapokelewa. Afadhali zaidi, yatengeni masomo mawili au matatu ya stadi za kazi, watoto, wavulana kwa wasichana, wajishonee wenyewe. Mvulana anayejua kupiga pindo hapungukiwi chochote katika uanaume wake.

Liturujia yetu yenyewe iko upande wa nyumbani. Katika Ubatizo mtoto huvikwa vazi jeupe, na kitabu cha ibada chapendekeza kwamba vazi hilo litolewe na familia yenyewe. Kanisa lingeweza kuyaweka mavazi hayo sakristia na kuyaazimisha. Lakini Mama Kanisa anajua kwamba mtoto anapaswa kumvaa Kristo kwa mikono ya wale wanaompenda, na kwamba kitambaa kilichopita mikononi mwa bibi au shangazi kinasema neno ambalo padre hawezi kulisema kwa niaba yao.

Wapendwa, si lazima liwe vazi la chui. Wa Utoto Mtakatifu wanaweza kushonewa kanzu ya Mtakatifu Martin wa Porres au shuka za Mashahidi wa Uganda, na wengi watafurahi. Lakini mtoto akiomba kuwa Chui Mweusi, tusimkatalie kwa hofu, wala tusimnunulie kwa kukwepa usumbufu. Tutafute taiti kuukuu, chaki na uzi. Mafundi wa parokia yetu wamekubali kufungua ukumbi Alhamisi alasiri kwa juma tatu zijazo, bila malipo, kwa mzazi yeyote atakayekuja pamoja na mwanawe. Sharti ni moja tu: waje wote wawili. Mzazi atakayeleta kitambaa peke yake na kuomba ashonewe, atarudishwa nyumbani kumchukua mtoto.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye amani. Mungu awabariki.