Bastola si mlinzi wa fedha za mavuno

Mnunuzi mmoja wa mpunga hapa Puge, wilayani Nzega, ameniuliza kama anunue bastola ndogo ya kulinda fedha zake msimu wa mauzo. Jibu langu ni kwamba tupige hesabu kwanza.

Bei ya bastola ni mwanzo tu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni na utunzaji salama. Bado kuna risasi na mazoezi. Ile ya risasi za .22, ambayo nyundo yake huvutwa kwa kidole kabla ya kila mlio, risasi zake ni za bei nafuu. Hata hivyo, ni dhaifu kwa nguruwe pori shambani, na ni ya polepole mbele ya majambazi watatu. Tena jambazi akijua unayo, ataitaka na hiyo.

Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliitawala njia ya misafara kwa bunduki, lakini baruti aliitegemea pwani. Sungusungu, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipambana na wezi wa ng'ombe kwa pinde, mishale na umoja.

Kwa maoni yangu, dawa ni kupunguza fedha taslimu. Lipa na upokee kwa benki au simu, na uza kwa awamu. Makato ya simu yanauma, lakini hayajaua mtoto aliyekuta bastola chini ya mto wa baba yake.