Nyumba ya Ushirika Si ya Kuuzwa

Ndugu Wanachama,

Tukutanapo, neno la nyumba halikosi kutajwa. Karani akaaye katika nyumba ya Serikali aogopa siku atakapotimiza miaka 60, kwa maana siku ile atakabidhi meza na ufunguo wa nyumba pamoja. Naye apangaye kwa mtu aogopa kila kodi inapokwisha. Wengi wasema, Natufanye ushirika, tujijengee. Nami nakubali. Lakini nimewasikiliza wenzangu, nikaona tunalotaka hasa ni kununua kiwanja pamoja kwa bei nafuu, kisha kila mtu achukue hati yake na kuuza apendapo. Hilo lina faida yake, ila silo ushirika wa nyumba.

Twajua sote habari za wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi wa Desemba 1844. Duka lakumbukwa, lakini wachache wajua kwamba katika kanuni zao za mwaka ule, mara baada ya duka, waliandika shabaha ya kununua au kujenga nyumba za kukaa wanachama watakao kusaidiana.

Mfano unipendezao zaidi watoka Uruguay, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini. Kwa sheria ya Desemba 1968, Serikali ya huko hukopesha chama, wala si mtu mmoja mmoja. Wasio na akiba hutoa jasho mahali pa fedha: kwa desturi kila jamaa hufanya kazi ya ujenzi saa 21 kwa juma, mume au mke, kuchanganya zege, kubeba matofali, kulinda vifaa usiku. (Sisi tuliozoea kalamu tungeumwa viganja, lakini viganja hupona.) Wasanifu na wanasheria huwashauri, ila shauri hukatwa na mkutano, kila mwanachama kura moja.

Fikirini na hili. Katika vyama vingi vya huko, wakati wa kujenga hakuna ajuaye nyumba ipi itakuwa yake. Kura hupigwa mwisho, kuta zikiwa zimekwisha. Basi nani atapunguza saruji katika ukuta wa mwenzake, asijue kama ndio atakaolalia yeye na watoto wake?

Baada ya hapo nyumba hubaki mali ya chama. Mwanachama ana haki ya kukaa, na warithi wake huirithi haki hiyo. Akiondoka, hurudishiwa fungu alilokwisha kulipa, na jamaa nyingine huingia. Apotezaye kazi husaidiwa na mfuko wa dharura, asije akatolewa nje kwa deni la miezi michache. Askari walipotawala nchi ile, tangu 1973 hata 1985, walitaka kuzigawa nyumba hizo ziwe mali ya kila mtu peke yake. Wanachama wakakataa, na mwaka 1984 wakapita mlango kwa mlango wakikusanya sahihi za maelfu kwa maelfu ya watu. Mbona wakatae hati? Kwa sababu mwenye hati peke yake ana deni peke yake, na mwenye fedha hungoja siku ya shida yake.

Mtaniambia habari za wahazini. Kweli, tumeona vyama vilivyokufa mkononi mwa mtu mmoja. Lakini sisi ndio tuandikao vitabu vya hesabu vya wengine mwaka mzima. Tukishindwa kukagua vya kwetu, aibu ni yetu. Mimi naogopa zaidi mikutano. Ni mirefu, na jirani apigaye redio usiku ni mwenye mali sawa na wewe, huwezi kumfukuza kwa kumchukia tu. Atakaye kukaa bila kuulizwa neno na mtu asijiunge.

Kwa hiyo naomba mkutano ujao usianze na hesabu ya michango. Kwanza waulizwe wote: ni nani atakayetia sahihi kanuni isemayo kwamba nyumba haitauzwa kwa faida yake mwenyewe? Wakipatikana 10 tu, na waandikwe hao, kisha ndipo tutafute kiwanja. Jina langu liwekwe miongoni mwao.

Ni mimi, mwanachama mwenzenu.