"Lord" Halikutoka Upangani

Mheshimiwa aliyedai katika toleo lililopita kwamba neno la Kiingereza "lord" asili yake ni upanga na ghasia za vita ametutungia hekaya, wala hakuleta ushahidi. Waingereza wa kale walinena "hlaford", lililofupishwa kutokana na "hlafweard", yaani mlinzi wa mkate; na "lady" ni "hlæfdige", mkandaji wa mkate. Tena katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent zama za mwaka 600 hivi, mtumishi huitwa "hlafæta", mla mkate, na mwenye kumwua mla mkate wa raia huru hulipa diya ya shilingi 6 (thamani haba, wallahi!). Upanga u wapi hapo? Namsihi bwana huyo afungue kamusi kabla ya kushika kalamu.