Mwalimu na Ngozi ya Mwanafunzi

Mwalimu wa shule ya msingi huwa na watoto karibu kila siku, ilhali mganga huwaona pale tu wanapopelekwa kwake. Kwa sababu hiyo, vipele na mabaka mengi huonekana kwanza darasani. Maoni yangu ni kwamba mwanachuo wa ualimu hana budi kujifunza kuyatambua magonjwa ya ngozi ya kawaida. Lengo si kumfanya awe tabibu, bali ajue ni nani abaki darasani, ni nani apumzike nyumbani, na ni nani apelekwe zahanati bila kukawia.

Nitaeleza kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja hapa Maisaka, mjini Babati, nilimtoa darasani mtoto aliyekuwa akijikuna, nikamwambia akaoge. Wenzake walicheka, naye hakurudi shuleni kwa muda wa wiki mbili. Dawati la mbele aliketi mtoto mwingine, mtulivu, mwenye baka moja lililofifia rangi mkononi. Huyo sikumwuliza neno, kwa kuwa hakujikuna. Miezi mingi baadaye mganga aliligusa baka lile kwa pamba, na mtoto hakuhisi kitu. Ulikuwa ukoma.

Yule wa kwanza alikuwa na upele. Upele huletwa na vijidudu vichimbavyo ndani ya ngozi, hasa katikati ya vidole, viwikoni na kiunoni, na huwasha zaidi usiku. Kuoga peke yake hakuuponyi. Yapasa watu wote wa nyumba moja wapakwe dawa kwa wakati mmoja, na nguo na matandiko yafuliwe. La sivyo ugonjwa hurudi.

Mapunye nayo huonekana kama viduara kichwani vyenye magamba na nywele zilizokatika. Mafuta ya kupaka pekee hayatoshi. Mgonjwa huhitaji vidonge kwa muda wa wiki kadhaa. Mtoto akiisha kuanza dawa hana sababu ya kukosa masomo, ila asichangie kitana wala mashine ya kunyolea.

Tetekuwanga na surua ni mambo mengine. Mwenye tetekuwanga hutoka malengelenge yenye maji, naye akae nyumbani mpaka yote yakauke. Surua hutanguliwa na homa, kikohozi na macho mekundu, kisha vipele huanzia usoni na kushuka mwilini. Huyo apelekwe kwa mganga siku ileile.

Tukumbuke pia kwamba picha za vitabu vingi zilipigwa kwa watu weupe. Kitabu husema “wekundu”, lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu. Mwalimu anayengojea wekundu atapitwa na mengi.

Mjini Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992 chuo kinachowafundisha waganga elimu ya ngozi, na masomo yao huchukua miaka 2. Sisi walimu yatutosha kuanza na maswali manne: Kipele kiko wapi? Kina umbo gani? Kinawasha? Na je, mahali pale panahisi? Swali hili la mwisho ndilo tunalolisahau, nalo ndilo lenye uzito kupita yote. Ukoma hauna haraka wala kelele, lakini huharibu mishipa ya fahamu, na kidole kilichopotea hakirudi. Ukigunduliwa mapema hutibiwa bure kwa miezi 6, au 12 kwa mwenye mabaka mengi, na mgonjwa hupona. Mwanafunzi wangu alipona, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kupoteza nguvu, na hata kalamu aliishika kwa taabu.

Napendekeza basi kwamba kabla ya mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo akae walau siku moja na mganga wa zahanati, aone magonjwa haya kwa macho yake. Awapo shuleni, amwite mtoto kando, amwulize kwa upole, na amwandikie mzazi barua fupi isiyotaja jina la ugonjwa, maana kutaja ugonjwa ni kazi ya mganga. Wala asimtazame yule anayejikuna peke yake. Amtazame na aliyetulia.