Motokaa za Mbio na Akiba ya Askari

Katika miaka ya karibuni limezuka katika miji yetu, Kampala kwanza, kisha Mbarara, Jinja na Mbale, pendo kubwa la motokaa ndogo za mbio zitokazo Japani. Iliyo maarufu kupita zote ni Subaru Impreza, na sababu yake haifichiki. Tangu mwaka 1992 ilipotoka ile ya turbo iitwayo WRX, motokaa hiyo imejipatia sifa katika mashindano. Colin McRae alitwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka 1995, akashinda nayo Safari ya Kenya mwaka 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo katika Safari ya mwaka 2000. Watoto waliokuwa wakikimbilia barabarani kutazama mavumbi ya siku zile leo ni watu wazima wenye mishahara. Na Safari iliporudishwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, hamu iliwashwa upya, ijapokuwa kampuni ya Subaru yenyewe ilikuwa imejitoa katika ubingwa huo tangu mwaka 2008.

Miongoni mwa wenye mishahara hiyo wamo wapiganaji na askari polisi. Hatusemi hili kwa kulaumu. Mtu aliyelinda amani Somalia akarudi na akiba yake, au aliyekopa katika chama cha Wazalendo au cha Exodus na kukubali kukatwa mshahara kila mwezi, anayo haki ya kununua motokaa aipendayo. Jambo linalotushughulisha ni lile linalofuata baada ya kununua. Fedha kidogo zilizobaki hupelekwa kwanza kwenye bomba kubwa la moshi, kisha kwenye rimu pana, kisha kwenye springi fupi za kuishusha motokaa, kisha kwa fundi wa kuongeza nguvu ya turbo. Matairi na breki hungoja mwisho, na mwisho huo hufika mfuko ukiwa mtupu. Sisi tunashikilia kwamba mpango huo umepinduliwa juu chini, na kwamba kupinduliwa huko kunaua watu.

Kwanza tuitazame hali ya motokaa zenyewe. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini motokaa iliyozidi umri wa miaka 15. Kenya kwa muda mrefu imeweka kikomo cha miaka 8. Maana yake ni kwamba Impreza za zamani, ambazo ndizo zinazopendwa zaidi, haziingii tena. Zilizopo zinazunguka kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono umeongeza kipuri chake na kuondoa kingine. Sheria ilipima umri wa gari. Umri wa tairi lililofungwa kwenye gari hilo ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo hufanywa na mnunuzi mwenyewe, au haifanywi kabisa.

Kuifanya si kazi ngumu. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, mna tarakimu nne za mwisho zilizozungushiwa duara la mviringo mrefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Tairi lenye 3214 lilitengenezwa juma la 32 la mwaka 2014. Linaweza kuwa na meno marefu na kung'aa kwa rangi nyeusi iliyopakwa jana, lakini mpira wake umekauka, na nyuzi zilizomo ndani zimeanza kuachana. Tairi la namna hiyo halitoi onyo. Hukaa kimya mjini kwa kilomita 40, kisha hupasuka kwenye barabara kuu ya Entebbe, ambako kikomo ni kilomita 100 kwa saa na wenye Subaru wengi huenda kuonyeshana.

Hatari ya pili imejificha zaidi. Japani ina majira ya baridi na theluji, na motokaa nyingi zilizotumika huko hufika kwetu zikiwa zimevaa matairi ya theluji. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barafu. Kwenye lami ya Soroti au Gulu wakati wa adhuhuri mpira huo hulainika kupita kiasi, huyumba chini ya gari, huisha upesi, na gari hukawia kusimama. Meno yake yamekatwa vipande vidogo vidogo vyenye mipasuko myembamba, na ubavuni huandikwa neno "STUDLESS" au huchorwa mlima wenye kipande cha theluji. Mara nyingi herufi ya mwendo huwa Q, yaani tairi lisizidi kilomita 160 kwa saa. Tairi linalofaa motokaa ya turbo huandikwa V, ambayo ni 240, au W, ambayo ni 270. Wako watakaosema kwamba hapa kwetu hakuna anayeruhusiwa kufika hata 160. Ni kweli, lakini herufi hiyo hupima pia uwezo wa tairi kuvumilia joto, na joto hatuna uhaba nalo.

Basi anayetaka kununua asome maandishi yote. Katika 205/55R16 91V, upana ni milimita 205, ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, rimu ni inchi 16, na namba 91 ni mzigo wa kilo 615 kwa tairi moja. Ubavu huo, kwa hesabu, una urefu wa milimita 113 hivi. Mwenye kuhamia rimu za inchi 18 na tairi la 225/40 amebaki na milimita 90. Anapata gari linalogeuka kwa wepesi kwenye lami safi, na hilo hatulikanushi. Lakini shimo la kwanza la barabara zetu baada ya mvua ya Aprili hupinda rimu na kukata ubavu kwa pigo moja. Kwa maoni yetu inchi 16, au 17 kwa mwenye breki kubwa, zinatosha kabisa.

Tena Subaru huendeshwa na magurudumu yote manne, na jambo hili lina gharama yake. Kampuni hutaka mizunguko ya matairi manne isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Weka tairi jipya la meno ya milimita 8 pamoja na yaliyochakaa hadi 4: tofauti ya mzunguko ni milimita 25. Difu ya katikati itafanya kazi bila kupumzika hata barabara ikinyooka, itachemka na kufa. Kwa hiyo yule anayenunua matairi mawili mwezi huu na mawili mwezi wa mshahara ujao anajinunulia difu pia. Matairi manne ya aina moja, yasiyo ghali sana, ni bora kuliko mawili ya jina kubwa.

Baada ya matairi, breki. Gari likienda kilomita 120 badala ya 80 huhitaji umbali unaozidi mara mbili ili breki zilisimamishe. Anayeongeza nguvu za injini bila kugusa breki ameongeza nusu tu ya motokaa. Tena si lazima aanze na breki kubwa za Brembo za modeli ya STI, ambazo hazienei ndani ya rimu iliyo chini ya inchi 17. Aanze na mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 230. Yakisha kunywa unyevu wa hewa yanaweza kuchemka kwenye 155. Katika miteremko ya Kabale hadi Kisoro joto hilo hupatikana, na pedali huzama hadi sakafuni. Kubadili mafuta hayo kila baada ya miaka miwili ni kazi ya saa moja. Kisha pedi za asili zilizonunuliwa kwa mtu anayejulikana, kwa maana pedi bandia huuzwa ndani ya maboksi mazuri kuliko ya asili.

Kuhusu nguvu tutasema machache, maana ndiko vijana wanakotaka tuseme mengi. Injini za WRX na STI zilipangiwa petroli bora ya Japani, ambayo oktani yake ni kama 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Tena Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe mgandamizo ule ule. Fundi anayeingiza katika kompyuta ya injini mpango uliotungwa ng'ambo kwa petroli nyingine huileta petroli yetu mahali inapojiwasha kabla ya wakati. Sauti yake ni kama kokoto ndani ya debe. Huvunja kingo za pistoni, na injini iliyokuwa ikidumu miaka kumi hufa kwa miezi. Bomba pana la moshi peke yake laweza kuupandisha mgandamizo wa turbo kupita kiwango, hata kompyuta ikakata petroli ghafla, pengine dereva akiwa katikati ya kulipita lori. Chujio la hewa la wazi ndani ya boneti huvuta hewa ya moto, na kwenye barabara ya murram hupitisha vumbi jembamba. Mabawa na vibandiko vya STI juu ya Impreza ya sisi 1500 isiyo na turbo havidhuru kitu ila mfuko.

Kwa askari polisi wa barabarani jambo hili lina upande wa pili. Desturi ni kulikamata gari kwa kelele za bomba, kwa kuwa kelele zasikika. Tairi la Q lenye miaka kumi halipigi kelele, na gari lake hupita kizuizini dereva akipunga mkono. Askari mwenye tochi anaweza kusoma tarakimu nne na herufi moja kwa muda ule ule anaotumia kutazama leseni. Akikuta ubavu wenye uvimbe kama yai, gari hilo lisiendelee, hata kama mwenyewe ni afande aliyemzidi cheo.

Limebaki tairi la akiba. Katika nyingi za motokaa hizi ni jembamba, limeandikwa lisizidi kilomita 80 kwa saa, na mzunguko wake hauwezi kulingana na mengine. Kwenye Subaru za zamani zenye giaboksi ya kujibadilisha yenyewe mna kisanduku kidogo chini ya boneti chenye herufi FWD. Fyuzi ya kawaida ikichomekwa humo magurudumu ya nyuma huachiliwa, na difu husalimika hadi gereji. Fyuzi hiyo haigharimu hata chupa moja ya soda, na yafaa ikae katika droo ya gari tangu siku ya kulinunua.