Penye Miti Hapana Wajenzi: Umeme wa Tana na Matatu za Kanja

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Kauli hiyo inasadifu hali ya uchukuzi katika soko la Kanja, Kaunti ya Embu. Maji ya mto Rupingazi, upitao kando ya mji wa Embu, huishia katika bwawa la Kamburu, mojawapo ya mabwawa matano ya umeme katika mto Tana. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968. Gitaru lina uwezo wa megawati 225. Hata hivyo, matatu na bodaboda nyingi za Kanja zingali zinategemea mafuta ya ng'ambo. Tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, Kenya huyaagiza yakiwa yamekwisha kusafishwa. Bei ipandapo katika Ghuba, abiria wa Kanja hana budi kuihisi.

Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka 2022. Mwaka 2023 Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli ilitenga bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi saa za usiku. Hatua hizi zastahili pongezi. Kasoro yake ni kwamba zimeelemea jijini, na zisiposukumwa zitakomea huko.

Wapo wanaodai kuwa miinuko ya Embu itaimaliza betri. Ni kweli kwamba kupanda mlima hula nguvu nyingi. Lakini gari la umeme lishukapo, mota yake hugeuka jenereta na kuirudishia betri sehemu ya nguvu hiyo, ilhali gari la dizeli huipoteza katika joto la breki. Wengine hutaja kukatika kwa umeme, na giza lililoikumba sehemu kubwa ya nchi Agosti 2023 laipa hoja hiyo uzito. Hata hivyo, matatu nyingi hulala usiku, wakati ambapo mahitaji ya umeme hupungua. Betri iliyojazwa usiku yaweza kuhimili saa chache za giza mchana.

Kikwazo halisi ni mtaji. Mwenye matatu kuukuu akiachwa peke yake, mageuzi yatamnufaisha tajiri atakayekuja kumpokonya njia. Nairobi imekwisha kuonyesha mbinu moja: mwenye gari hununua basi bila betri, kisha huilipia betri kwa kila kilomita aendayo. Vyama vya akiba na mikopo vya matatu vya Embu vyaweza kuufuata mpango huo kwa pamoja, nayo serikali ya kaunti ijenge vituo vya kuchajia katika stendi, kuanzia masoko ya mashambani kama Kanja.

Wakazi wa bonde la Tana wamewaangazia wengine kwa zaidi ya nusu karne. Si haki wawe wa mwisho kusafiri kwa umeme utokao kwao.