Mpira Tuwaachie Wenyewe? Wenyewe Ndio Akina Nani?

Najua kimya kimekuwa kirefu. Zamu za usiku zimenikaba kweli kweli. Asubuhi hii nimetoka wodini, nimekunywa chai, nimeshindwa kulala. Acha nitoe la moyoni kwanza.

Chanzo ni kaka yangu mmoja, anajijua, Yanga damu. Juzi niliweka kwenye kundi letu la familia picha moja ya Kolkata, India. Shabiki mwenye jezi ya Mohun Bagan kambeba mabegani shabiki wa East Bengal, mahasimu wao. Nikaandika, "Hawa ndio mashabiki." Kaka akajibu, "Nesi, mambo ya wodini yaache wodini, mpira tuachie wenyewe." Mkacheka wote. Nimevihesabu vicheko, kumi na moja! Haya, leo nawajibu.

Mtauliza mimi na mpira wa India wapi na wapi. Jamani, hapa Uingereza ninafanya kazi na Wahindi usiku kucha, wengi wao manesi kutoka Kerala. Saa tisa usiku wagonjwa wakilala, tunaongea. Ndio walionifundisha kuhusu Kombe la Durand. Lilianza mwaka 1888 kule Simla, likiwa la vikosi vya jeshi la Waingereza, na ndilo kongwe kuliko yote barani Asia. Timu ya Wahindi wenyewe haikulichukua mpaka mwaka 1940, Mohammedan Sporting walipowafunga wanajeshi wa Kiingereza 2-1 mjini Delhi. Rafiki yangu wa Kerala yeye haachi kunikumbusha ya 2019, Gokulam Kerala walipokwenda Kolkata wakaifunga Mohun Bagan 2-1 kwenye fainali, nyumbani kwake. Kwa hiyo kaka, usiniambie sijui utani wa mpira. Naujua.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Tarehe 9 Agosti 2024, katika hospitali ya RG Kar hapo hapo Kolkata, daktari mwanamke wa miaka 31 aliyekuwa bado mafunzoni alikutwa amekufa. Alikuwa kwenye zamu ndefu, akaenda kujinyoosha kwenye chumba cha semina kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa maana pa kupumzikia. Akabakwa, akauawa. Kazini kwake! Januari 2025 mahakama ilimtia hatiani mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kujitolea na polisi, akafungwa maisha.

Madaktari waligoma, watu wakajaa barabarani. Tarehe 18 Agosti ilipangwa dabi ya Mohun Bagan na East Bengal kwenye kombe hilo la Durand. Wakubwa wakaifuta, kisa usalama, maana polisi walikuwa wamebanwa na maandamano. Mashabiki wakafanyaje? Wakaenda uwanjani hivyo hivyo, bila mechi! Wa kijani na maroni, wa nyekundu na dhahabu, na wa nyeusi na nyeupe wa Mohammedan, timu tatu zisizoelewana, wakasimama nje ya uwanja wa Salt Lake wakidai haki kwa ajili ya yule daktari. Na polisi waliokuwa hawatoshi kulinda mechi wakatosha kuja na virungu kuwatawanya. Hapo sina la kuongeza.

Nahodha wa Mohun Bagan, Subhasish Bose, naye alitoka akaungana nao. Hakusema "mimi ni mchezaji, hayo ya hospitali hayanihusu."

Fainali ikaja tarehe 31 Agosti, uwanja ule ule. Nilikuwa nimetoka zamu, tukaitazama kwenye simu ya yule rafiki yangu, sebuleni kwake, wali na samaki pembeni. Mohun Bagan wakaenda mapumziko wakiongoza 2-0, la kwanza penati ya Jason Cummings, la pili Sahal Abdul Samad, na rafiki yangu karibu amwage wali maana Sahal ni wa kwao Kerala. Kipindi cha pili NorthEast United wa Guwahati, timu ambayo haikuwahi kubeba kombe kubwa, wakarudisha mawili ndani ya dakika chache. Ikaenda kwenye matuta. Kipa wao Gurmeet Singh akapangua mbili, na mojawapo ilikuwa ya nahodha Bose. NorthEast 4, Mohun Bagan 3.

Kwa hesabu zako kaka, Bose ni nahodha aliyekosa penati kwenye fainali. Kwa hesabu zangu mimi nesi, ni mwanamume aliyesimama barabarani kwa ajili ya dada asiyemjua, halafu akakosa penati. Wewe mkumbuke kwa penati, mimi nitamkumbuka kwa lile la kwanza.

Unasema mpira ni burudani, usichafuliwe. Sawa. Lakini nani anakufunga bendeji ukivunjwa mguu uwanjani? Siku watu wanapokanyagana getini wanakimbizwa wapi? Mwaka 1980 dabi hiyo hiyo ya Kolkata iliua mashabiki 16. Maiti na majeruhi wa siku ile hawakupelekwa kwenye ofisi za klabu. Walipelekwa kwetu. Mpira uliingia wodini siku nyingi, kaka, sisi hatukuualika.

Na nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Kabla sijaja huku, nikiwa nesi huko nyumbani, nilipigwa kofi na ndugu wa mgonjwa saa nane usiku. Dawa hazikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Tulikuwa manesi wawili kwa wodi nzima, chumba chetu hakina hata komeo. Asubuhi nikaambiwa nisamehe, mtu alikuwa na uchungu. Nikasamehe. Siku hiyo hiyo mtaani kwetu watu walikuwa wanakaribia kupigana kwa sababu ya kadi nyekundu ya Simba na Yanga. Mama aliniuliza uso una nini. Wewe kaka uliniuliza kama nimeona ile kadi.

Tarehe 8 Machi 2025 na sisi dabi yetu iliahirishwa, mnakumbuka. Tukatukanana miezi mitatu, mpaka ikachezwa Juni. Nguvu ile ya hasira tunayo, sauti tunazo, jezi tunazo. Sijawahi kuona zikitumika hata siku moja kudai komeo la chumba cha nesi.

Siwaambii muache utani. Mtaniane mpaka kesho, hata Kolkata wamerudia utani wao. Ninachosema, mtu anayejua kupaza sauti kwa ajili ya goli la kuotea hana kisingizio cha kunyamaza mwenzake anapouawa kazini.

Kaka, nakupenda na shikamoo yako ipo pale pale. Usipojibu hapa nitajua umeelewa. Ukijibu kwa kicheko, hicho kitakuwa cha kumi na mbili.

Ngoja nikalale, usiku naingia tena. Msalimieni Mama.